Bingwa aliyelingana na mfuko wa saruji

Mfuko wa saruji una kilo 50. George Dixon alipopanda ulingoni kwa malipo mara ya kwanza, mjini Halifax, Kanada, Novemba 1886, alikuwa na ratili 87. Hata kilo 40 hazikutimia. Umri wake ulikuwa miaka 16, na kimo chake hakikuja kuzidi sana sentimita 160 maisha yake yote. Ungemkuta mtaani ungemtuma dukani akakuletee sukari. Miaka minne haijaisha, Juni 1890, kijana huyo huyo akatoka kwenye klabu moja ya matajiri wa London akiwa bingwa wa dunia. Kabla yake hapakuwa na mtu Mweusi aliyewahi kushika cheo hicho, katika uzito wowote. Na siku hiyo mizani ingeonyesha kwamba amekipita kile kifuko cha saruji kwa kilo mbili hivi, basi.

Waulize wapenzi wa ndondi bingwa wa kwanza Mweusi alikuwa nani, wengi watakutajia Jack Johnson na mwaka 1908. Hawajakosea, ila wamejibu swali jingine. Johnson alikuwa Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa uzito wa juu. Mbele yake foleni ilikuwa na watu: Dixon, 1890, Joe Walcott, mzaliwa wa Barbados, bingwa wa uzito wa welta, 1901, Joe Gans wa Baltimore, bingwa wa uzito mwepesi, 1902. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, Tom Molineaux kutoka Marekani alimkabili bingwa wa Uingereza, Tom Cribb, mwaka 1810, mikono mitupu, akashindwa.

Kwa hiyo swali si nani alitangulia tu. Swali ni kwa nini mlango uliachwa wazi kwa wanaume wembamba miaka 18 nzima kabla haujafunguka kwa mnene mmoja. Ukiyafuata maisha ya Dixon utaliona jibu, na utaona pia siku ambayo hata yeye, pamoja na wepesi wake wote, alifungiwa.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1870 Africville, makazi ya watu Weusi pembezoni mwa Halifax, ufukweni mwa ghuba ya Bedford. Wazee wa pale walitokana na Weusi waliofika Nova Scotia, jimbo ambamo Halifax imo, kutoka Marekani, wengi wao wakati wa vita vya 1812 baina ya Marekani na Uingereza, baada ya Waingereza kuwaahidi uhuru na ardhi. Uhuru waliupata. Ardhi waliyogawiwa ilikuwa mawe na vichaka, haioti kitu cha kulisha familia, ndipo baadhi yao wakasogea karibu na mji na kununua viwanja kwa fedha zao katika miaka ya 1840. Mji ukawajibu kwa namna yake: reli ikapitishwa katikati ya makazi, uchafu wa vyoo vya mji ukaja kumwagwa jirani, maji ya bomba hayakuletwa. Kodi ilikusanywa.

Ujana wa Dixon ulikuwa baina ya Halifax na Boston. Huko Boston alipata kazi kwa mpiga picha, na miongoni mwa wateja wa studio walikuwamo mabondia, waliokuja kupigwa picha za kujitangaza wakiwa wamekunja ngumi na kukaza nyuso. Mtoto wa kazi akawa anatazama. Boston ya wakati ule ilikuwa mji wa ngumi: ndiko alikotoka John L. Sullivan, bingwa wa uzito wa juu aliyejulikana kuliko Mmarekani yeyote wa michezo, na ndiko alikoishi George Godfrey, bondia Mweusi mzaliwa wa Kanada, mzito, mwenye jina la utani la Chokoleti Mzee. Sullivan na Godfrey walikaa mji mmoja, uzito mmoja, zama moja, na pambano lao halikufanyika kamwe. Dixon alipoanza kupata jina, wakamwita Chokoleti Mdogo.

Hapa inabidi tusimame kidogo tueleze ubingwa wenyewe, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Sisi tumezoea mikanda. WBA, WBC, IBF, WBO, vyombo vya kusimamia ndondi, kila kimoja na bingwa wake, na mashabiki kubishana mkanda upi ni wa kweli na upi ni wa bati. Mwaka 1890 hapakuwa na chombo hata kimoja cha aina hiyo. Chama cha Marekani kilichokuja kugeuka WBA kiliundwa 1921. Ubingwa ulikuwa dai. Bondia au meneja wake alipeleka tamko gazetini, hasa kwenye National Police Gazette la New York, akataja uzito, akaweka dau mikononi mwa mtu wa tatu. Mwenye kujiamini alijibu kwa dau lake. Klabu iliongeza zawadi, refa akatafutwa, watu wakapigana. Aliyeshinda alikuwa bingwa mpaka atokee mwingine mwenye fedha na ngumi za kumkanusha.

Uzito nao ulikuwa hivyo hivyo. Hakuna aliyeupanga kwa sheria. Bingwa ndiye aliyesema atapigana kwa ratili ngapi. Leo uzito wa bantam mwisho wake ni ratili 118 na wa unyoya ni 126. Dixon alitetea ubingwa wa unyoya akiwa na ratili 118, na kadiri miaka ilivyokwenda na mwili wake kujaa, mpaka wa uzito wa unyoya nao ulijaa pamoja naye.

Tundu la utaratibu huu ni rahisi kuliona. Dai hukanushwa kwa kupigana, na mtu anaweza kukataa kupigana. Bingwa wa leo akimkwepa mpinzani aliyepangiwa, mkanda unaondoka. Bingwa wa 1890 akimkwepa mtu, anabaki bingwa, na kesho anapanda jukwaani kucheza tamthilia kwa malipo mazuri.

Dixon hakukwepwa sana, na hilo ni sehemu ya ajabu yake. Tarehe 7 Februari 1890, Boston, alipambana na Cal McCarthy, Mzungu aliyehesabiwa kuwa hodari kuliko wote wa uzito ule Marekani. Walikwenda raundi 70. Raundi dakika tatu, mapumziko dakika moja: fanya hesabu, ni zaidi ya saa nne na nusu, kwa glovu nyembamba ambazo leo refa asingeziruhusu hata mazoezini. Mwishoni ikatangazwa droo. Mapambano ya ubingwa siku hizi ni raundi 12, nasi hulalamika kwamba mabondia wamechoka raundi ya tisa.

Meneja wake, Tom O'Rourke, Mzungu wa Boston, mcheza kamari na mtu wa mipango, alimvusha bahari. Tarehe 27 Juni 1890, katika Pelican Club, klabu ya mabwana wenye vyeo na wenye fedha za kuchezea, Dixon alikutana na Nunc Wallace wa Birmingham. Baada ya raundi 18 Wallace alikuwa hataki tena. Huo ndio ubingwa wa dunia wa kwanza, wa uzito wa bantam. Machi 1891, mjini Troy, New York, akarudiana na McCarthy na kumwangusha raundi ya 22, akadai na uzito wa unyoya. Julai mwaka huo, San Francisco, akamtoa Abe Willis wa Australia kwa raundi tano. Wapo wanaoanza kuhesabu ubingwa wake wa unyoya Troy, wapo wanaoanzia San Francisco. Vitabu vya rekodi havijapatana, na kwa utaratibu ule nilioueleza vingepatanaje?

Aliyemtazama ulingoni aliona miguu kwanza. Mabondia wengi wa zama zake walisimama wakabadilishana. Yeye aliingia na kutoka, akapiga kwa mkono wa kushoto, akawa hayupo. Mwaka 1893 kilichapishwa kijitabu chake cha mafunzo ya ngumi. Wengi humpa sifa ya kubuni zoezi la kupigana na kivuli. Mimi sina hakika kama zoezi hilo linahitaji mbunifu, maana hakuna mtoto wa kiume aliyewahi kupita ukutani jua likiwa kali asirushe ngumi mbili tatu. Lakini ni kweli kwamba katika picha ya bondia wa kisasa, anayefanya mazoezi kwa mpango badala ya kutegemea nguvu alizozaliwa nazo, Dixon yumo mwanzoni kabisa.

Mzito aliyekataliwa

Sasa mweke Dixon pembeni, umtazame Peter Jackson.

Jackson alizaliwa 1861 katika kisiwa cha Saint Croix, wakati huo koloni la Denmark katika visiwa vya Karibi. Akaenda Australia akiwa baharia, akafundishwa ngumi Sydney na Larry Foley, na mwaka 1886 akawa bingwa wa Australia wa uzito wa juu. Mwaka 1888 aliingia San Francisco akamshinda Godfrey, yule Chokoleti Mzee, kisha akaanza kuwapanga Wazungu mmoja mmoja. Tarehe 21 Mei 1891, kwenye klabu ya California Athletic, alipigana na James J. Corbett raundi 61, saa nne, mpaka wote wawili wakawa wanazungukana tu na refa akaona aibu, akasimamisha bila mshindi. Mei mwaka uliofuata, London, alimpiga Frank Slavin raundi ya 10 katika pambano ambalo Waingereza walilisimulia kwa miaka mingi.

Jackson hakupewa nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia hata siku moja. Mwanzoni mwa 1892 Sullivan alitoa tamko gazetini kwamba yuko tayari kupigana na yeyote, wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuhudumiwa, mradi awe Mzungu. Na Mweusi, akaongeza Sullivan, yeye hajawahi kupigana naye wala hatapigana naye. Huu ndio ulioitwa mstari wa rangi. Haukuwa sheria wala kanuni ya chama. Ulikuwa lile tundu la utaratibu, limepakwa rangi.

Mbona basi McCarthy, Wallace, Willis na wengine hawakumchorea Dixon mstari huo? Kwa sababu cheo kilichogombewa hakikuwa kile kile, ingawa vyote viliitwa ubingwa wa dunia. Bingwa wa uzito wa juu hana aliyemzidi. Yeye ndiye mwanamume mwenye nguvu kuliko wanaume wote, hivyo ndivyo umma ulivyomsoma. Na hizo zilikuwa zama ambazo upimaji wa mafuvu na upangaji wa mbari kwa madaraja vilifundishwa vyuoni kama elimu, na Ulaya ilikuwa inaigawana Afrika kwa kalamu na rula. Kumpa Mweusi nafasi ya kukalia kiti kile ilikuwa ni kuweka nadharia nzima juu ya mizani. Ubingwa wa mtu wa kilo 52 haukupima kitu. Hata Dixon angeshinda vipi, Mzungu yeyote aliyekaa barazani angeweza kujiambia, mimi huyu ningemkalia tu.

Nisiseme kwamba yote yalikuwa nadharia. Sullivan wa 1892 alikuwa amenenepa, amekunywa, hajatetea ubingwa wake tangu 1889, na mtu wa hatari kuliko wote kwake alikuwa Jackson. Ubaguzi ulimpa kichaka cha kujifichia, kichaka chenye heshima, ambacho hakuna aliyekipekua. Na kuna fedha. Aliyeandaa mapambano alijiuliza nani atalipa kiingilio kumwona bingwa asiyependwa na walio wengi. Rangi, woga na biashara vilisukwa ukili mmoja, na ukiuvuta uzi mmoja miwili inakuja nayo.

Usiku tatu New Orleans

Septemba 1892, Olympic Club ya New Orleans iliandaa kitu ambacho dunia ya ngumi haikuwahi kukiona: mapambano matatu ya ubingwa, usiku tatu mfululizo, ndani ya ukumbi wenye taa za umeme. Sehemu nyingi za Marekani ngumi za malipo zilikuwa bado ni kosa la jinai, watu wakipigana mashambani na majahazini, macho yakiwatazamia polisi. New Orleans ilikuwa imeruhusu, mradi watu wavae glovu na klabu isimamie. Tarehe 5, uzito mwepesi: Jack McAuliffe na Billy Myer. Tarehe 6, uzito wa unyoya: Dixon na Jack Skelly. Tarehe 7, zawadi ya dola 25,000: Sullivan na Corbett, yule yule wa raundi 61.

Skelly alikuwa kijana wa Brooklyn, Mzungu, bingwa wa ridhaa ambaye hajawahi kupigana kwa malipo. Dixon alikubali, lakini kwa sharti. Klabu haikuwa na desturi ya kuwauzia Weusi tiketi. Yeye akataka watu wake waingie. Sehemu ya viti ikatengwa kwa ajili yao. Yalikuwa makubwa hayo kwa Louisiana ya mwaka ule. Miezi mitatu tu kabla, tarehe 7 Juni 1892, fundi viatu aitwaye Homer Plessy alikata tiketi ya treni katika mji huo huo, akaketi kwenye behewa la Wazungu kwa makusudi ya kuijaribu sheria ya utengano, akakamatwa na kuteremshwa pembeni mwa mtaa wa Royal. Olympic Club nayo ilikuwa kwenye mtaa wa Royal.

Pambano lenyewe halina mengi ya kusimulia. Skelly alikuwa jasiri na alikuwa anafundishwa. Raundi ya kwanza alikuwa ameshaelewa. Raundi ya tano uso umevurugika, pua inatoka damu. Raundi ya nane akaanguka na hakuinuka. Habari zote ziko kwenye viti. Kule walikotengewa Weusi ilikuwa sherehe. Kwingineko ilikuwa kimya cha kutafuna midomo: gazeti moja la Chicago liliandika kwamba kwa watu wa Kusini kukaa kitako na kutazama kijana Mweusi akimtwanga Mzungu kulikwaruza roho. Walilipa tiketi kuona ngumi. Walichokiona kilikuwa kingine.

Kesho yake gazeti la Times-Democrat la New Orleans likatoa tahariri: lilikuwa kosa kumpambanisha Mweusi na Mzungu, kosa kuzikutanisha mbari mbili kwa usawa wa namna yoyote, hata ulingoni. Soma tena hilo neno *hata*. Mwandishi wa tahariri aliona vizuri kuliko mashabiki. Ulingo ni mojawapo ya mahali pachache ambapo watu wawili huwekwa sawa kwa makusudi: uzito mmoja, glovu za aina moja, kona mbili, hesabu moja ya kumi. Ukiukubali usawa ule kwa saa moja usiku, asubuhi utauelezaje ukitakiwa kwenye behewa la treni? Klabu ikatangaza kwamba haitawapambanisha tena Mweusi na Mzungu. Miaka minne baadaye, Mei 1896, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Plessy, ikahalalisha utengano, na uamuzi huo ulidumu zaidi ya nusu karne.

Kwa hiyo nadharia ya uzito ina kikomo chake. Wepesi wa Dixon ulimfikisha ulingoni kwa sababu watu hawakuona kinachopimwa. Alipomtoa damu Mzungu mbele ya umma wa Kusini, na Weusi wakishangilia ndani ya ukumbi ule ule, ratili zake 118 zikawa hazina maana. Kaskazini aliendelea kupigana na Wazungu na kuwashinda. Kusini ilikuwa imefunga.

Tarehe 7 Corbett alimwangusha Sullivan raundi ya 21, na mashabiki wa Jackson wakadhani sasa mambo yatakuwa mepesi, maana bingwa mpya tayari amekwisha kupigana naye. Yakaja mazungumzo ya mwaka mzima na zaidi. Corbett alitaka pambano lifanyike Kusini mwa Marekani. Jackson, ambaye alijua kusoma magazeti, alikataa kwenda Kusini na kutaka London. Hapo likafa. Alirudi ulingoni 1898 akiwa amechakaa, James J. Jeffries akammaliza raundi tatu. Mwaka 1901 kifua kikuu kilimuua Roma, Queensland, akiwa na miaka 40. Kaburi lake liko Brisbane, na juu yake wameandika maneno ya Shakespeare yasemayo huyu alikuwa mwanamume.

Dixon alipigana mno, hata kuhesabu ni tabu. Mapambano yaliyosajiliwa yanazidi 100; waandishi wa zamani walikadiria 800, kwa kuwa O'Rourke alimzungusha kwenye majumba ya maonyesho mji kwa mji, akiahidi zawadi kwa yeyote atakayesimama naye raundi nne. Usiku fundi bomba, usiku mpagazi wa stesheni, usiku mbabe wa mtaa aliyesukumwa na rafiki zake. Rekodi yake imejaa droo kwa sababu ya desturi za wakati ule: raundi zikiisha na wote wamesimama, mara nyingi refa aliwaachia sawa. Anayemlinganisha na mabondia wa leo kwa kutazama safu ya ushindi na droo hatendi haki.

Oktoba 1897 Solly Smith alimnyang'anya ubingwa kwa raundi 20 San Francisco. Mwaka uliofuata, New York, akaurudisha, ingawa kwa mlango wa uani: wasaidizi wa Dave Sullivan (si yule John L.), aliyekuwa ameuchukua ubingwa kwa Smith, waliingia ulingoni raundi ya 10 na refa akampa Dixon ushindi. Kisha ikaja 9 Januari 1900. Terry McGovern wa Brooklyn alikuwa na miaka 19, anapiga kama mtu anayekata kuni. Dixon alikuwa na miaka 29, na katika miaka hiyo kulikuwa na mamia ya usiku. Raundi ya nane, baada ya kuanguka na kuinuka mara kadhaa, O'Rourke alirusha sifongo ulingoni kuashiria wamekubali. Haukupita muda meneja naye akawa ametafuta vijana wengine.

Fedha zilikwenda wapi? Nyingine kwa O'Rourke, nyingine kwenye farasi, nyingine kwenye chupa. Dixon alivuka tena kwenda Uingereza mwaka 1902, akapigana huko miaka mitatu kwa malipo ya kununulia mkate, akarudi. Alifariki tarehe 6 Januari 1908 katika hospitali ya Bellevue, New York, pombe ikiwa imemla. Miaka 37. Mwili ulipelekwa Boston ukazikwa makaburi ya Mount Hope.

Desemba 26 ya mwaka huo huo, Sydney, Jack Johnson alimpiga bingwa Mzungu, Tommy Burns, mpaka polisi wakasimamisha raundi ya 14, na Mweusi wa kwanza akakalia kiti cha uzito wa juu. Watu hupenda kusimulia kwamba Johnson alivunja mstari wa rangi. Alichofanya ni kumfuata Burns bara kwa bara mpaka promota wa Australia, Hugh D. McIntosh, alipokubali kumlipa Burns dola 30,000, ashinde ashindwe. Johnson alipata 5,000. Mstari ulikuwa na bei, na siku bei ilipotolewa ukafutika, angalau kwa mchana mmoja. Kwamba bei hiyo ilitolewa katika nchi ambamo Jackson amezikwa, mimi naachia hapo.

Yaliyofuata yanathibitisha kwamba wale waliozuia hawakuwa wajinga kuhusu maana ya kile kiti. Julai 1910 Jeffries, Mzungu aliyewahi kuwa bingwa wa uzito wa juu, alitolewa mapumzikoni kuja kuiokoa mbari yake huko Reno, akapigwa, na katika miji mingi ya Marekani Weusi walioshangilia walishambuliwa, wengine wakauawa. Mwaka 1912 bunge la Marekani lilipiga marufuku kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo moja kwenda jingine. Johnson mwenyewe, akiwa bingwa, hakumpa nafasi Sam Langford, Mweusi mwenzake, na yeye mtu wa Nova Scotia kama Dixon: pambano la Weusi wawili halikulipa, na Langford alikuwa wa hatari. Kile kichaka kilikuwa na nafasi ya kutosha hata kwa Johnson. Alipopoteza ubingwa 1915, hakuna Mweusi aliyeruhusiwa kuugombea mpaka Joe Louis, 1937. Katikati hapo, uzito wa chini ya huo ulijipenyeza tena: mwaka 1922 Battling Siki kutoka Senegal alimwangusha Georges Carpentier mjini Paris, akawa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kwetu kuwa bingwa wa dunia.

Kwa nini Dixon kasahaulika? Sababu moja ni kamera. Johnson yuko kwenye filamu, tunamwona akicheka meno ya dhahabu. Usiku mkubwa wa Dixon ulipita kabla filamu za ngumi hazijaanza, na mtu asiyeonekana husahaulika upesi. Nyingine ni uraia: Wamarekani humwona Mkanada, Wakanada humwona bondia wa Boston. Lakini kubwa kuliko zote ni ile ile iliyomfungulia mlango. Dunia iliyosema ubingwa wake hauna uzito haikuona sababu ya kuukumbuka. Jina la utani limedumu kuliko jina: miaka ya 1930 Cuba ilikuwa na bingwa wake aitwaye Kid Chocolate, na baada yake wakaja wengine.

Mwaka 1955 Kanada ilimwingiza Dixon katika orodha yake ya taifa ya mashujaa wa michezo. Mwaka 1964 mji wa Halifax ulianza kubomoa Africville. Baadhi ya vitu vya wakazi vilibebwa kwa malori ya taka. Kanisa lilivunjwa usiku, Novemba 1967. Nyumba ya mwisho iliondoka Januari 1970. Mwaka 2010 meya aliomba radhi, na mfano wa kanisa lile ukajengwa ufukweni uwe jumba la makumbusho. Wengi wa waliohamishwa walikuwa wamepelekwa kwenye nyumba za serikali za Uniacke Square, kaskazini mwa mji. Kituo cha michezo cha mtaa huo kinaitwa George Dixon.